Barua ya wazi kwa wanaotunga bajeti: ruzuku iandikwe kitabuni

Waheshimiwa mawaziri wa fedha, makatibu wakuu wa Hazina, na waheshimiwa wabunge mnaoketi kwenye kamati za bajeti,

Nawaandikia kuhusu mstari mmoja ninaoutafuta kila mwaka kwenye vitabu vya makadirio, na ambao aghalabu siupati. Ni mstari wa ruzuku. Ruzuku ya mbolea huwa na kasma yake, jina lake na kiasi chake, kwa hiyo hiyo naiona. Nazungumzia ruzuku nzima: ya mafuta inayopitia shirika la umma, ya umeme unaouzwa chini ya gharama ya kuuzalisha, ya mikopo nafuu ambayo tofauti ya riba inabebwa na benki ya serikali, na ya misamaha ya kodi inayotolewa kwa barua ya kurasa mbili. Nimesoma vitabu hivyo kwa miaka mingi, rula mkononi ili nisiruke mstari, na nimejifunza kwamba kitabu kinaweza kuonyesha nakisi ndogo, yaani pengo dogo la matumizi kuzidi mapato, huku nchi yenyewe ina nakisi kubwa.

Siandiki kupinga ruzuku. Mwaka ambao mbolea imepanda bei maradufu, mkulima mdogo akiachwa peke yake atapanda bila mbolea, na msimu unaofuata serikali itatafuta dola za kuagiza chakula kutoka nje. Katika hali hiyo kutoa ruzuku kunaweza kuwa nafuu kuliko kutotoa. Kinachonisumbua ni namna tunavyoahidi. Tunamwahidi mwananchi bei, wakati bajeti inajua kiasi tu. Pengo kati ya vitu hivyo viwili ndiko nakisi inakozaliwa.

Chukueni lita moja ya mafuta. Tuseme mpaka ifike kituoni imegharimu 100, na serikali imetangaza kwamba mwananchi atalipa 80. Hazina inatoa 20. Sasa soko la dunia lipande, lita ileile igharimu 130. Bei ya kituoni bado ni 80, kwa kuwa ndivyo mlivyoahidi. Hazina sasa inatoa 50. Mafuta yamepanda kwa asilimia 30, lakini mzigo wa Hazina umekuwa mara mbili na nusu ya ulivyokuwa. Hapo hatujaigusa thamani ya sarafu, na mafuta hununuliwa kwa dola. Wala hatujaugusa ujazo: kitu kikiwa rahisi hutumika zaidi, na kikiwa rahisi upande mmoja wa mpaka kuliko upande wa pili, huvuka. Lori likishavuka usiku, Hazina ya nchi moja imelipia mafuta yatakayochomwa kwenye injini za jirani.

Ndiyo maana makadirio ya ruzuku ya namna hii hukosewa, tena kwa mbali, hata pale waliopiga hesabu ni hodari. Wameombwa kukadiria kitu ambacho hakuna aliyekiwekea mpaka.

Kenya inatupa takwimu ambayo kila mjumbe wa kamati ya bajeti angepaswa kuikumbuka. Rais William Ruto, katika hotuba yake ya kuapishwa Septemba 2022, alisema ruzuku ya mafuta ilikuwa imekwisha kula shilingi bilioni 144, na kati ya hizo bilioni 60 zilikwenda katika miezi minne tu. Akaongeza kwamba ikiendelea hadi mwisho wa mwaka wa fedha ingefika bilioni 280, sawa na bajeti yote ya maendeleo ya serikali kuu. Ruzuku hiyo ilianza mwaka 2021 kama mpango wa kutuliza bei, ukitegemea tozo iliyokatwa kwenye mafuta yenyewe. Bei ya dunia ilipopaa baada ya vita vya Ukraine kuanza, tozo haikutosha, na mzigo ukaangukia Hazina.

Wala si nchi maskini pekee. Uingereza, Septemba 2022, iliahidi kwamba gharama ya nishati kwa kaya ya kawaida isingezidi takriban pauni 2,500 kwa mwaka, kwa muda wa miaka miwili. Gharama ya mpango mzima wa nishati ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 60 kwa miezi sita ya mwanzo, na kiasi cha jumla kilitegemea bei ya gesi ambayo hakuna aliyeijua. Wiki mbili baadaye serikali hiyohiyo ikatangaza kupunguza kodi kwa pauni bilioni 45. Wawekezaji wakaanza kuuza hati fungani za serikali, yaani karatasi za mikopo yake, riba ikaruka, na Benki Kuu ya Uingereza ikalazimika kuingia sokoni kuzinunua. Sababu kubwa ya mtikisiko ilikuwa ile kodi. Lakini waziri mpya wa fedha alipofika, moja ya mambo ya kwanza aliyoyafanya ilikuwa kuifupisha ahadi ya nishati iishie Aprili 2023. Hata Hazina yenye jina kubwa duniani ilishindwa kubeba ahadi isiyo na kiasi.

Linganisheni na Tanzania mwaka huohuo. Ruzuku ya mafuta ilipotangazwa Mei 2022, kilichotajwa ni kiasi: shilingi bilioni 100 kwa mwezi, kuanzia Juni. Bei ziliendelea kutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya nchi hiyo inayodhibiti nishati na maji, zikipanda na kushuka na soko. Mtu anaweza kubisha kama kiasi hicho kilikuwa kikubwa au kidogo, na ubishi huo una maana, kwa sababu kuna namba ya kubishania. Mbunge anaweza kusimama na kuuliza bilioni 100 zimetoka fungu gani. Kwa ruzuku iliyoahidiwa kwa bei, swali hilo halina pa kushika.

Sasa nije kwenye nakisi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunadanganyika. Tunadhani nakisi ni ile namba ya asilimia ya pato la taifa inayosomwa siku ya hotuba. Namba hiyo inahesabu kilichopita kwenye kitabu. Ruzuku isiyopita kwenye kitabu haionekani humo, lakini inalipwa vilevile, na inalipwa na mtu.

Mara nyingi mtu huyo ni mkandarasi. Nimewahi kusimama mbele ya jengo la darasa lililofika kwenye linta na kuishia hapo. Mchanga na kokoto vilikuwa bado kando, nyasi zimeanza kuota juu ya rundo la kokoto, na zile nondo zilizochomoza juu ya ukuta zilikuwa zimeshika kutu. Hati ya malipo ilikuwa imewasilishwa na kuidhinishwa. Fedha hazikuja kwa sababu katikati ya mwaka Hazina ilielekeza ilichokuwa nacho kwa waagizaji wa mafuta, waliotishia kusimamisha meli. Kwenye taarifa ya mwaka nakisi ilikuwa ndani ya lengo. Deni la mkandarasi yule lilihesabiwa kama malimbikizo, katika jedwali lingine, nyuma kabisa. Na yeye alikuwa amekopa benki ili anunue ile saruji.

Ikiwa si malimbikizo, ni mkopo. Serikali inauza hati fungani, inalipa tofauti ya bei ya mwezi huu, na riba inabaki kwa miaka. Mafuta yameshachomwa. Hakuna barabara, hakuna bwawa, hakuna kitu kitakachoingiza kodi ya kulipia ile riba. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Na riba hailipwi kwa zamu: inalipwa kwanza, kabla ya dawa na kabla ya mishahara. Kwa hiyo ruzuku ya mwaka huu inapunguza bajeti ya mwaka kesho hata kama mwaka kesho hauna ruzuku yoyote. Ikitokea kwamba mkopo wenyewe unatoka benki kuu, fedha mpya inaingia mtaani bila bidhaa mpya, na bei za vitu vingine vyote zinapanda. Mwananchi yule tuliyetaka kumpunguzia nauli anarudishiwa gharama kwenye unga.

Naomba nikae kidogo kwenye suala la kuficha, kwa sababu ndilo hasa lililonifanya niandike barua hii.

Nigeria kwa miaka mingi haikuhitaji kutoa hundi ya ruzuku ya petroli kutoka Hazina. Shirika la taifa la mafuta, NNPC, liliuza petroli chini ya gharama, kisha likakata hasara hiyo kwenye mapato ya mafuta ghafi kabla hayajafika kwenye mfuko wa pamoja unaogawanywa kati ya serikali kuu, majimbo na serikali za mitaa. Ruzuku ilikatwa mlangoni. Mwaka 2022, bei ya mafuta ghafi ikiwa juu sana, nchi inayouza mafuta ilipaswa kuchekelea. Badala yake kulikuwa na miezi kadhaa ambapo NNPC haikupeleka chochote kwenye mfuko huo, maana ruzuku ilikuwa imemeza kila kitu. Aprili mwaka huo Bunge liliidhinisha naira trilioni 4 kwa ajili ya ruzuku ya petroli. Gavana wa jimbo ambaye hakuwahi kupiga kura ya ruzuku alijikuta hana mishahara ya walimu. Hiyo nayo ni nakisi, ila imehamishiwa kwenye bajeti ya mtu mwingine.

India ilitumia njia ya ustadi zaidi. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni za mafuta za umma zilipouza dizeli na gesi ya kupikia kwa hasara, serikali haikuzilipa fedha taslimu. Ilizipa hati fungani, zenye thamani ya zaidi ya rupia trilioni 1.3 kwa jumla. Kwa kuwa hakuna fedha iliyotoka, nakisi ya miaka ile haikuzionyesha. Mkopo wenyewe wa hati hizo ulikuja kudaiwa miaka zaidi ya kumi baadaye, kwa serikali nyingine, ukilipwa na walipakodi ambao baadhi yao walikuwa watoto wachanga wakati dizeli ile inachomwa.

Lakini nchi hiyohiyo imetupa mfano wa kurudi kwenye ukweli. Shirika lake la chakula, linalonunua nafaka kwa wakulima na kuigawa kwa bei ya chini, lilikuwa linakopa kwenye mfuko wa akiba ndogondogo za wananchi ili kuziba pengo la ruzuku ambayo Hazina haikuilipa yote. Mkopo ulikaa kwenye vitabu vya shirika. Tarehe 1 Februari 2021 waziri wa fedha Nirmala Sitharaman alisimama bungeni akaukomesha utaratibu huo na kuyaleta madeni kwenye bajeti. Makadirio ya ruzuku ya chakula ya mwaka ule yakaruka kutoka takriban rupia trilioni 1.16 hadi trilioni 4.2. Nakisi, iliyopangwa kuwa asilimia 3.5 ya pato la taifa, ikatajwa kuwa asilimia 9.5. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa gharama na mapato yaliyopotea kwa korona, lakini sehemu nyingine ilikuwa deni la zamani lililoandikwa kwa mara ya kwanza mahali pake. Siku ile India haikuwa maskini kuliko siku iliyotangulia. Ilijua tu inadaiwa nini. Waheshimiwa, namuheshimu waziri yeyote anayekubali namba yake ionekane mbaya kwa sababu namba nzuri ilikuwa ya uongo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mtasema, na mtakuwa na haki kusema, kwamba tatizo haliko kwenye uandishi, liko mtaani. Ukigusa ruzuku watu watatoka. Ni kweli. Misri ilipandisha bei ya vyakula vya ruzuku Januari 1977, ghasia zikazuka siku ya pili, watu wengi wakafa, na Rais Anwar Sadat akazirudisha bei. Baada ya hapo mkate wa ruzuku ulikuja kuwekwa senti 5 za kwao na ukabaki hapo kwa zaidi ya miaka 30, mpaka Juni 2024 ulipopandishwa kuwa 20. Nigeria iliondoa ruzuku ya petroli alfajiri ya mwaka mpya wa 2012, ikarudisha sehemu yake baada ya takriban wiki mbili za maandamano na mgomo. Ecuador iliondoa ya kwake Oktoba 2019 kwa amri ya rais, na amri hiyo haikumaliza wiki mbili.

Tazameni lakini namna zilivyoondolewa: ghafla, kwa tangazo, na mwananchi hana kitu mkononi. Mtu ambaye hajawahi kuonyeshwa gharama ya ruzuku ataamini vipi siku moja kwamba ilikuwa inaifilisi nchi? Hajawahi kuiona kitabuni. Anachokiona ni bei ya kituoni na magari ya viongozi.

Na kuna jambo la kumwambia, kama tungekuwa na ujasiri wa kulisema kila mwaka. Uchunguzi wa wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotoka mwaka 2010, uliopitia nchi nyingi zinazoendelea, ulikuta kwamba asilimia 20 ya watu wenye kipato cha juu wanapata kwenye ruzuku ya mafuta takriban mara sita ya wanachopata asilimia 20 ya chini. Hilo halihitaji njama ya mtu. Mwenye magari matatu hujaza matangi matatu. Anayetembea kwa miguu hupata kile kinachobaki kwenye nauli na bei ya mchele, na hicho ni halisi, sikidharau, lakini ni kidogo. Tunakopa kwa jina lake na kumpa mwingine.

Waliofanikiwa walitanguliza mkono wa kutoa. Ghana, kabla ya kupandisha bei ya mafuta Februari 2005, ilifanya utafiti wa nani anafaidika, ikauchapisha, na pamoja na bei mpya ikafuta ada katika shule za serikali za msingi na za sekondari ya chini. Iran mwaka 2010 iliingiza fedha kwenye akaunti za familia kabla bei hazijapanda, na watu walizikuta zikiwasubiri. Kosa la Iran lilikuja baadaye: fedha zile zilikwenda karibu kwa kila mtu, kwa kiasi ambacho mapato ya bei mpya hayakuweza kukilipia, kwa hiyo nakisi iliyofukuzwa kwa mlango wa mafuta ikarudi kwa mlango wa malipo. Huwezi kumlipa kila mmoja kwa kitu ulichokuwa hukimudu.

Indonesia ndiyo inayonifundisha zaidi. Sheria yao ya mwaka 2003 imeweka nakisi isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, kwa hiyo ruzuku ikivimba lazima kitu kingine kikatwe, na kukata huko kunaonekana. Mwaka 2005 walipandisha bei mara mbili, na ya pili, ya Oktoba, ikaambatana na malipo ya rupiah 100,000 kwa mwezi kwa zaidi ya kaya milioni 15 maskini. Kisha Januari 2015, Rais Joko Widodo akiwa na miezi michache madarakani na mafuta yameshuka bei duniani, waliiondoa ruzuku ya petroli, na ya dizeli wakaibadilisha ikawa rupiah 1,000 kwa lita, si zaidi. Hapo ndipo ahadi ya bei ilipogeuka ahadi ya kiasi. Fedha iliyookolewa ikaongezwa kwenye barabara, bandari na umwagiliaji. Lakini hadithi haikuishia hapo: miaka ilipopita bei zilianza kushikiliwa tena, safari hii kupitia fidia kwa shirika la mafuta, na mwaka 2022 bajeti ya ruzuku na fidia ya nishati ikafika rupiah trilioni 502, zaidi ya mara tatu ya ilivyopangwa. Septemba mwaka huo wakapandisha bei kwa takriban asilimia 30. Kikomo cha nakisi kilikuwa kimelegezwa kwa muda tangu 2020 kwa sababu ya korona. Lakini kilichoanza kulegea mapema zaidi ni ule mstari wa kiasi.

Kwa hiyo ninachoomba si kikubwa. Kila kitabu cha makadirio kiwe na jedwali moja la ruzuku zote, likiwemo pengo la bei la mashirika ya umma, dhamana za mikopo yao na misamaha ya kodi. Kila ruzuku iandikiwe kiasi cha juu, anayelengwa, na tarehe ya kukoma. Kiasi kikifikiwa kabla ya tarehe, waziri arudi bungeni kuomba nyongeza na aseme itakatwa wapi, kabla ya fedha kutoka na si baada ya mwaka kufungwa. Bei zenyewe ziachwe zisogee kidogokidogo kila mwezi, maana mtu huzoea hatua kumi ndogo kuliko kuanguka mara moja. Na malipo ya kaya maskini yaandaliwe wakati bei ziko chini, kwa sababu daftari la wanufaika haliandikwi ndani ya wiki moja ya ghasia.

Najua jedwali hilo, mwaka wa kwanza, litafanya nakisi ionekane kubwa kuliko mlivyozoea kuitangaza. Wakopeshaji wataliona. Lakini wakopeshaji tayari wanabahatisha kilichofichwa, na huwa wanabahatisha juu, kisha wanatutoza riba kwa makisio yao.

Kitabu kijacho kikitoka nitaanza na ukurasa huo.

Wenu kwa heshima,
Msomaji wa vitabu vya bajeti